Kidonge cha Ujana Maabarani: Namna ya Kusoma Jaribio la Watu 24



Nimepewa mada ya virutubisho vinavyodaiwa kupunguza kasi ya uzee. Ni mada pana kuliko muda niliopewa, kwa hiyo nimechagua jaribio moja tulichambue pamoja, sisi waandishi wa habari za afya. Lilifanyika katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Communications. Kilichopimwa ni nikotinamidi ribosidi, mojawapo ya sura za vitamini B3, ambayo leo inauzwa mitandaoni kwa majina mengi ya biashara.

Seli zetu hutumia molekyuli iitwayo NAD+ kugeuza chakula kuwa nguvu na kukarabati DNA iliyoharibika. Umri ukisogea, kiasi chake hupungua. Mwaka 2004 mtafiti Charles Brenner na mwenzake, wakiwa chuoni Dartmouth, walionyesha kwamba mwili una njia ya kutengeneza NAD+ kutokana na nikotinamidi ribosidi. Panya waliopewa kirutubisho hicho wakaonyesha dalili nzuri, na biashara haikusubiri zaidi: kinachopungua kikijazwa, uzee utarudi nyuma. Hoja inavutia, ila haijathibitishwa mpaka watu wanywe na wapimwe.

Boulder waliandikishwa watu 30 wenye afya njema, wa umri wa miaka 55 hadi 79, na 24 wakamaliza. Kwa wiki sita kila mmoja alimeza miligramu 500 mara mbili kwa siku. Wiki sita nyingine alimeza plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. Nani aanze na kipi iliamuliwa kwa bahati nasibu, na si mshiriki wala mtafiti aliyejua zamu ya nani ni ipi. Kwa mpango huu mtu analinganishwa na nafsi yake mwenyewe, ndiyo maana kikundi kidogo namna hiyo kinaweza kutoa jibu lenye maana. Kuna jambo dogo hapa ambalo waandishi hulipita: niasini, vitamini B3 tuliyoizoea, ikimezwa kwa dozi kubwa huufanya uso uwake moto na ngozi iwashe. Mshiriki angejua papo hapo kwamba leo amemeza chenyewe, na siri yote ingeharibika. Nikotinamidi ribosidi kwa kawaida haifanyi hivyo.

Matokeo yalikuwaje? NAD+ katika seli nyeupe za damu iliongezeka kwa takriban asilimia 60, na hakuna aliyepata madhara makubwa. Hayo ndiyo maswali ambayo jaribio liliundwa kuyajibu: je, kinavumilika, na je, kinafika kinakotakiwa? Jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Watafiti wakapima na mengine mengi. Uzito haukubadilika, utendaji wa insulini haukubadilika, uwezo wa juu kabisa wa kufanya mazoezi haukubadilika. Lakini kwa washiriki 13 ambao namba ya juu ya presha yao ilikuwa kati ya 120 na 139, namba hiyo ilishuka kwa takriban 10.

Ile 10 ndiyo iliyopanda kwenye vichwa vya habari. Mimi ningeishika kwa tahadhari. Ukipima vitu vingi kwa wakati mmoja, kimojawapo huweza kusogea kwa bahati tu, na watu 13 ni wachache mno kututoa wasiwasi huo. Watafiti wenyewe walisema linahitajika jaribio kubwa zaidi. Halafu kampuni inayotengeneza kiambato hicho, iliyoitwa ChromaDex wakati huo, ndiyo iliyotoa vidonge na sehemu ya fedha. Hilo ni la kawaida katika utafiti wa aina hii na halibatilishi vipimo, ila msomaji wako ana haki ya kulijua kabla hajafungua pochi.

Tatizo zito liko kwingine. Mnunuzi anataka miaka zaidi, magoti yasiyouma, akili isiyosahau. Wiki sita haziwezi kumjibu, kwa hiyo tunapima kitu ndani ya damu na kutumaini kwamba kinasimama badala ya afya. Tumewahi kutumaini hivyo na tukaumbuka. Kliniki ya Mayo iliwapa wazee DHEA, homoni inayopungua kwa umri, kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2006: kiwango cha homoni kilipanda kama kilivyotarajiwa, lakini nguvu za mwili na ubora wa maisha vikabaki palepale. Nchini Finland wavutaji sigara wanaume 29,133, wa miaka 50 hadi 69, waliingia katika jaribio lililojumuisha beta-karotini, kwa sababu watu wenye kiwango kikubwa chake katika damu walionekana kuugua saratani ya mapafu mara chache. Mwaka 1994 ikabainika kwamba waliomeza vidonge vya beta-karotini waliugua saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Damu ilikuwa na kila walichotaka kukiona.

Sasa tuje kwetu. Washiriki wa Boulder walikuwa watu wenye afya. Anayepigia simu redio kuuliza kuhusu kidonge cha ujana mara nyingi ni mama mwenye presha na sukari, anayemeza amlodipini na metfomini, na pengine mwanawe wa Dubai ndiye aliyemtumia chupa. Jaribio hili halikuwa na mtu kama yeye. Hatari ninayoiogopa si kidonge chenyewe. Ni mama huyo kusoma kwamba kinashusha presha, akaweka dawa zake kando. Kwa hiyo habari yoyote juu ya jaribio hili iseme katika aya za juu, isisubiri mwisho, kwamba dawa za presha haziachwi.

Kichwa cha habari ninachoweza kukitetea ni hiki: “Kidonge chaongeza molekyuli moja katika damu ya watu 24 kwa wiki sita, faida kwa afya bado haijathibitishwa.” Mhariri atasema hakiuzi. Tunaweza kuanza majadiliano na hilo.