MTO NTAHANGWA NA WATU WAKE



Mto Ntahangwa haukuzaliwa mjini. Mkaazi wa Buyenzi auonapo ukipita mwekundu kwa udongo wakati wa mvua, hudhani kuwa ni shauri la Bujumbura peke yake. Lakini maji yake yatoka juu, katika milima ya Mumirwa, iliyo juu sana ya mji. Nalo Ziwa Tanganyika liyapokealo li kwenye mita 770 hivi. Mteremko huo mkubwa mto huushuka kwa safari fupi. Ndiyo sababu mvua iliyonyesha vilimani huweza kuwa gharika mjini kabla watu hawajapata kuhamisha watoto.

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji yaliyoshuka kutoka milima hiyo yaliingia mitaa ya kaskazini ya mji, Kinama na Kamenge miongoni mwake. Walikufa watu zaidi ya 60, na nyumba kwa mamia zikaanguka. Huko Ntahangwa nako kingo zimekuwa zikimeguka mwaka hata mwaka, na waliojenga karibu wameona ua ukienda, kisha jiko, kisha chumba.

Wengi humlaumu mkulima wa mlimani kwamba alima mpaka ukingoni. Lawama hiyo ina haraka. Shamba lake ni dogo, na watoto wake wanakula mihogo na maharage ya hapo hapo. Akiambiwa aache hatua kumi za ardhi, na ajue atapata nini badala yake. Dawa ya kilima inafahamika: mitaro ichimbwe kwa kufuata usawa wa kilima, isiteremke nao, na juu ya kingo za mitaro ipandwe majani ya malisho. Majani hushika udongo, tena hukatwa yakalisha mbuzi na ng'ombe zizini, na samadi ikarudi shambani. Kando ya mto mianzi hufaa.

Mjini nako kuna kazi. Vikapu vya waya vilivyojazwa mawe vimewekwa kuimarisha kingo, navyo ni vizuri. Lakini ni vya gharama, na maji huvichimba kwa chini ikiwa kilima kimeachwa uchi. Wapo pia wachimbao mchanga na mawe mtoni. Hao hutafuta riziki, na mji wote umejengwa kwa mchanga wao. Yafaa waonyeshwe mahali mchanga unapojikusanya, wasichimbe chini ya kona ambako ukingo umesimama kwa shida. Ama watupao taka mtoni usiku, hao hawana udhuru.

Mafakihi waliliona jambo hili zamani. Katika sheria mto una harimu yake, yaani ukanda wa ardhi kandokando usiojengwa wala kuzuiwa. Walihitilafiana juu ya upana wake.

Tena udongo haukomi mjini. Huingia ziwani ukafunika mawe ya pwani ambamo samaki huzalia, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura hutoka ziwa hilo hilo. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi, Dar es Salaam, mwaka 2003. Serikali nne zimeweza kuketi pamoja. Vilima na mitaa ya mto mmoja havishindwi.

Yapasa basi liwepo baraza la watu wa mlimani, wa mjini na wavuvi, likutane kabla ya mvua za Septemba. Shauri lake la kwanza liwe kuchagua kipande kimoja cha ukingo, nani atoe miche, na nani amfidie mkulima mwaka ule wa kwanza, wakati majani hayajashika na mihogo imekwisha ng'olewa.