Sahihi ya Mwafrika: Jeddah, Riyadh na Historia ya Afrika na Ulaya

Historia ya Afrika na Ulaya huandikwa mara nyingi kana kwamba ni kesi ya watu wawili tu, mmoja akidai na mwingine akidaiwa, na bahari inayotajwa kati yao huwa ni Atlantiki au Mediterania. Kwa watu wa mwambao wa Afrika Mashariki maelezo hayo hayatoshi. Bandari ya Jeddah, ambayo nyumba zake za kale katika mtaa wa Al-Balad zimejengwa kwa mawe ya matumbawe kama zile za Lamu na Unguja, na ambayo madirisha yake ya mbao yaliyochomoza ukutani huitwa roshan, jina ambalo Mswahili hulitambua mara moja katika neno lake roshani, ilikuwa mahali ambapo Mwafrika alikutana na mamlaka ya Mzungu katika nchi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Hapo ndipo linapoonekana vizuri suala ambalo mhadhara huu unalichunguza, yaani suala la sahihi: nani ana mamlaka ya kujifunga kwa mkataba, na nani hufungwa kwa mikataba iliyotiwa sahihi na wengine.

Mkutano wa Berlin, uliokaa kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, unajulikana kwa wote, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba Dola ya Uthmaniya, iliyokuwa ikiitawala Jeddah wakati huo, ilipewa kiti mezani, ilhali Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye bara lililo nyuma ya mwambao wake lilikuwa likinyemelewa na Wajerumani, hakualikwa. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaisari wa Ujerumani aliiwekea ulinzi wake mikataba ambayo Mjerumani Carl Peters alikuwa ameikusanya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, mikataba ambayo watawala wa huko waliiwekea alama zao ilhali imeandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Zanzibar iliitwa baadaye, Mkutano wa Brussels ulipotunga mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa na kuzuia silaha kuingia Afrika, na hata hapo sahihi ya Sultani ilitiwa kwa mkono wa Wazungu. Mapatano hayo yana tarehe 2 Julai 1890. Jana yake, tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kukubaliana kwamba Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo Ujerumani ipewe kisiwa cha Heligoland.

Katika kipindi hicho hicho safari ya Hija, ambayo kwa karne nyingi iliwapeleka Makka wanazuoni wa mwambao kama Sheikh Abdallah Bakathir, ilianza kusimamiwa na serikali za Ulaya. Sababu ya kwanza ilikuwa kipindupindu, ambacho mwaka 1865 kiliwaua mahujaji wanaokadiriwa kufikia 15,000, kisha kikapita Suez hadi Ulaya. Ya pili ilikuwa hofu ya kisiasa. Vilianzishwa vituo vya karantini, yaani kuwatenga wasafiri hadi ithibitike kwamba hawana maradhi, huko kisiwa cha Kamaran na El Tor, na Mwafrika aliyekuwa chini ya utawala wa kikoloni akafika Jeddah akiwa na cheti cha safari kilichotolewa na mtawala wake.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni lile la watumwa. Kwa Mkataba wa Jeddah wa tarehe 20 Mei 1927, Uingereza ilitambua uhuru kamili wa himaya ya Mfalme Abdulaziz ibn Saud, aliyekuwa akiitawala Jeddah wakati huo, naye akaahidi kushirikiana nayo katika kukomesha biashara ya watumwa. Hata hivyo Waingereza walishikilia haki ya ofisi yao ya kibalozi mjini Jeddah kuwakomboa watumwa waliokimbilia humo. Wengi wao walikuwa Waafrika, wakiwemo waliotekwa upande wa Ethiopia na Sudan, na wengine kutoka Afrika Magharibi ambao walikuja Hija wakiwa watu huru wakaishia kuuzwa. Aliyefika uani mwa ofisi hiyo aliulizwa alizaliwa wapi, aliingiaje utumwani na bwana wake ni nani, na maelezo yake yalipokubaliwa alipewa hati ya uhuru, akapakiwa melini kuvuka Bahari ya Shamu kwenda Sudan. Kazi hiyo haifai kubezwa, kwa kuwa kila hati iliokoa maisha ya mtu, wala haifai kufichwa kwamba waliokuwa wakiwamiliki watu hao walisali nao msikiti mmoja. Uingereza iliiacha haki hiyo mwaka 1936, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku nchini Saudia Novemba 1962, chini ya serikali ya Mwanamfalme Faisal.

Lakini katika miaka ile ile ambayo afisa wa Kiingereza alitia sahihi hati za uhuru Jeddah, maafisa wa dola hiyo hiyo nchini Kenya walikuwa wakisimamia kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikimtaka kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na ujira wake, ikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mfanyakazi ambaye mwajiri wake hakutia sahihi ya kumwachia hakuweza kuajiriwa kwingine, na akitoroka alishtakiwa kama mhalifu. Mwanahistoria anayezisoma hati za Jeddah bila kukisoma kipande atasifu kupita kiasi, na anayekisoma kipande peke yake atawasahau waliovuka bahari wakiwa huru.

Uhuru wa bendera haukulimaliza suala la sahihi. Zanzibar ilipojiunga Desemba 1992 na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, ambayo makao yake makuu yako Jeddah, ilibidi ijitoe Agosti 1993 kwa sababu mamlaka ya kuingia mikataba ya kimataifa yalikuwa ya Jamhuri ya Muungano, na mvutano huo ukawasukuma wabunge 55 kudai serikali ya Tanganyika. Ethiopia na Eritrea nazo zilipigana kati ya 1998 na 2000 kwa ajili ya mpaka ambao tume ya usuluhishi ililazimika kuutafsiri kwa mikataba ya Italia ya mwaka 1900, 1902 na 1908, na viongozi wa nchi hizo mbili walikwenda Jeddah tarehe 16 Septemba 2018 kutia sahihi amani mbele ya Mfalme Salman. Mstari ulichorwa na Ulaya, upatanisho ukafanyika Uarabuni, na miaka 2 baadaye vita vikawaka katika jimbo la Tigray nchini Ethiopia.

Tarehe 10 Novemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Riyadh katika mkutano wa kilele na Saudia, wakaahidiwa uwekezaji unaozidi dola bilioni 25. Ulaya nayo, katika mkutano wake na Afrika uliofanyika Brussels Februari 2022, ilikuwa imetangaza euro bilioni 150. Kuna wanaofurahi kwamba Afrika sasa ina wachumba wengi, na furaha hiyo ina msingi, maana mwenye milango miwili hujadiliana vizuri kuliko mwenye mmoja.

Hata hivyo kipimo cha haki cha nafasi ya Afrika duniani ni mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya au Uganda, yule ambaye waliozoea Uarabuni humwita kadama. Hufanya kazi chini ya kafala, mfumo ambao ukaazi wa mgeni hutegemea mdhamini ambaye ndiye mwajiri wake, na ambao baadhi ya wanahistoria wameifuatilia mizizi yake hadi utawala wa Waingereza huko Bahrain katika miaka ya 1920. Anayekijua kipande hahitaji kufafanuliwa maana ya mfumo huo. Mabadiliko yaliyoanza kutumika Saudia Machi 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wa sekta binafsi kubadili mwajiri na kutoka nchini bila idhini yake kwa masharti maalumu, hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Serikali za Nairobi, Kampala na Dodoma zitakaporudi Riyadh, suala hilo la wafanyakazi wa nyumbani na liwekwe mezani kabla ya hesabu za mikopo, na wajumbe wasitie sahihi mpaka lijibiwe.