Tujipange kwa Ajili ya Walio Hai

Hotuba ya wakili mbele ya mkutano wa waumini na wanaharakati



Nimeombwa nizungumze juu ya matumaini wakati ambapo mfuko wa mwananchi umetoboka. Sitawaambia kwamba mambo ni mazuri. Bei ya unga mnaijua kuliko mimi. Mnamjua mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mgonjwa aliyeandikiwa dawa ambayo hospitali haina. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja mzee alifika ofisini mwangu akiwa na picha ya zahanati ya kijiji chao. Kuta zilikuwa zimesimama bila paa, na mbuzi walikuwa wamelala ndani. Alitaka kujua fedha za ujenzi zilikokwenda. Nilimsikiliza, kisha nikamwambia, "Mama, mambo haya hayana mwisho. Rudi nyumbani upumzike." Akanitazama kwa muda, akasema, "Wakili mwanangu, sikukuuliza kama tutashinda. Nimekuuliza tuanzie wapi."

Niliona haya. Mimi niliyesomeshwa sheria nilikuwa nimekata tamaa, na yeye aliyekopa nauli ya kuja mjini hakuwa amekata.

Ndugu zangu, kukata tamaa kuna faida kwa mtu fulani. Anayepora mali ya umma hajali kama tunamchukia. Linalomtosha ni sisi kusema, "Ndivyo Kenya ilivyo," kisha tukaenda zetu. Kila anayetamka maneno hayo amemlindia mlango.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1982 katiba ilibadilishwa na nchi yetu ikafanywa ya chama kimoja kwa sheria. Kifungu hicho, cha 2A, kilifutwa Desemba 1991, lakini waliofungwa kwa sababu za kisiasa walibaki gerezani. Hali ya uchumi ilikuwa ngumu. Wahisani walikuwa wamesimamisha misaada Novemba 1991, fedha za umma zilikuwa zikiporwa katika kashfa ya Goldenberg, na kufikia mwaka 1993 mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 40. Mtu angeweza kusema kwamba huo haukuwa wakati wa harakati, bali wa kutafuta chakula.

Hata hivyo, mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa hao waliketi katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakaanza kususia chakula. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Hawakuwa na chama wala fedha. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, na baadhi ya wazee hao wakavua nguo zao mbele ya askari, laana ambayo kila Mwafrika anaielewa. Kisha kanisa kuu la All Saints likawafungulia mlango, wakaishi humo kwa muda wa karibu mwaka mzima. Kufikia mapema mwaka 1993, karibu wana wao wote walikuwa wameachiliwa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Haki nilizokuja kuzisoma chuo kikuu, wengine walikuwa wamezipigania kwa njaa ya matumbo yao.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kufuatilia bajeti. Nawajibu kwa swali: ni kijiji gani hapa kisichokuwa na kamati ya mazishi? Mtu akifa leo, kufikia jioni tumeshapata mwenyekiti, mweka hazina na daftari la michango. Akina mama wana vyama vyao vya kuzungushiana pesa, na hakuna senti inayopotea. Maskini wa nchi hii ndio waliojipanga vizuri kuliko serikali. Kwa nini basi tujipange kumzika mgonjwa, lakini tusijipange kuifuatilia zahanati ambayo ingemponya?

Juni 2024, vijana wetu walijitokeza katika miji mingi kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 wengine walipigwa risasi wakafa, na tunawaombea. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Huo ulikuwa ushindi ulionunuliwa kwa damu. Lakini Desemba mwaka huo huo, baadhi ya mapendekezo yake yalirudi kupitia sheria nyingine ya kodi. Maandamano huziba njia kwa siku moja. Siku zilizobaki za mwaka zinahitaji watu walioketi katika kila wadi wakisoma, wakiuliza na kuandika.

Sheria imetupa mahali pa kuanzia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Kifungu cha 37 kinalinda haki yetu ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Kifungu cha 201 kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Zahanati ni jukumu la kaunti, na kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Iandikeni tarehe hiyo ukutani mwa kanisa.

Yule mama nilimwandikia barua moja tu. Mengine aliyafanya yeye na wenzake kumi na wawili wa jumuiya yao ya kanisa. Walipeleka barua, wakanyamaziwa. Wakairudia, wakahudhuria kikao cha bajeti, wakaketi mstari wa mbele na picha yao. Iliwachukua karibu miaka miwili. Sitawadanganya: dawa bado hukosekana, na aliyekula fedha za kwanza hajashtakiwa. Lakini paa liko juu, muuguzi yupo, na mbuzi wametafuta malazi kwingine.

Basi msiondoke hapa na hotuba. Kila jumuiya ichague watu kumi, jambo moja, na siku moja ya mwezi ya kukutana. Mweke daftari kama la mazishi. Atakayewaambia kwamba mambo haya hayana mwisho, kama nilivyosema mimi, msigombane naye. Mwulizeni tu tuanzie wapi.