MENO YA WATOTO WETU: LEZA HAIOTESHI KILICHOHARIBIKA
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Garissa)

 

Leo tunazungumza juu ya meno. Wengine mtacheka: tuna shida ya maji na malisho, na hawa wanatuletea habari ya meno! Ngojeni kidogo, mtaona kwamba ni habari ya maji na ya mbuzi pia.

Kuna kikundi cha akina mama tulichokitembelea. Mama mmoja ana binti wa miaka 14, meno yake yana madoa ya kahawia. Msichana hacheki ila amejifunika mdomo kwa mtandio. Wenzake humwambia ni mchafu, kumbe anapiga mswaki kila asubuhi. Mama akasikia kuna mashine ya leza inayosafisha meno kwa mwanga, siku moja tu. Akauza mbuzi 4, kikundi kikamwongezea mkopo. Walirudi na deni, na madoa yakiwa palepale. Mama akatuuliza, "Nyinyi mliosoma, mbona hamkutuambia mapema?" Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu tuko hapa.

Jino limefunikwa na gamba liitwalo enameli. Mwilini hakuna kitu kigumu kuliko hicho, hata mfupa haufikii. Kwa uzito, karibu sehemu 96 kwa 100 ni madini. Lakini mfupa ukivunjika huunga. Enameli ikitoka haioti tena.

Je, leza ni nini? Ni mwanga uliokusanywa ukawa na nguvu nyingi. Ilitengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1960, na haikuchukua miaka mingi wataalamu wakaijaribu kwenye meno. Waliona enameli inayeyuka na kuganda kama kioo, na joto linapenya hadi kwenye kiini chenye neva na damu. Kiini kikizidi joto lake la kawaida kwa nyuzi 5 au 6 tu, kinaweza kufa.

Mashine za siku hizi ni bora. Aina ya erbiamu hupasha moto maji kidogo yaliyomo ndani ya enameli mpaka yapasuke na kuimegua, huku mashine ikirusha maji ya kupoza. Huondoa sehemu iliyooza vizuri. Ikitumiwa na asiyejua, huacha nyufa. Aina nyingine, katika utafiti, zimeifanya enameli istahimili asidi zaidi. Basi leza si uchawi wala si adui. Ni chombo, kama panga: inategemea mkono na kazi.

Na katika kung'arisha meno, kazi hufanywa hasa na dawa inayopakwa. Mwanga ni msaidizi tu.

Sasa, madoa ya binti yule yalitoka wapi? Daktari wa meno alitueleza: ni floraidi iliyozidi katika maji. Humwingia mtoto enameli ikiwa bado inajengwa ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi. Jino linaota likiwa na doa tayari. Ndiyo maana kulisugua kwa mchanga au mkaa hakusaidii, bali kunakula enameli iliyobaki. Doa dogo daktari anaweza kulipunguza, na kubwa kulifunika kwa dawa nyeupe ya kuziba, bila leza.

Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huioni, huionji, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Visima havifanani, hata vilivyo jirani. Ni lazima kupima.

Wenzetu wa Bonde la Ufa wanaijua shida hii zamani. Huko Nakuru, Jimbo Katoliki lilitengeneza vichungio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo hunasa floraidi. Inawezekana, basi.

Tunawaomba mambo manne. Kwanza, kabla ya kuchangia kisima kipya cha mashine, kamati idai kipimo cha floraidi kwa maandishi kutoka ofisi ya maji. Pili, kama imezidi, maji ya mvua yawekwe kwanza kwa watoto wa chini ya miaka 8. Mvua haina floraidi ya kuhofia. Tatu, caday yetu iendelee, na dawa ya meno kwa mtoto wa miaka 3 hadi 6 iwe kiasi cha punje ya njegere, ateme. Nne, asiuze mtu mbuzi kwa ajili ya mashine kabla ya kumwuliza daktari wa meno wa hospitali ya serikali: itafanya nini, na haitafanya nini?

Mbuzi 4 wangeanza mchango wa tangi la mvua. Yule mama ndiye aliyesema hivyo, sisi tumerudia tu. Kikundi chake kimeanza kuchanga, na mdogo wa binti yule ana miaka 2.