DAWA YA MAGUGU NA WENYEJI WA UDONGO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tunduma)



Nimepewa nafasi ya kusema machache juu ya dawa za kuua magugu, nami nashukuru. Wengi wetu humu ni watu wa kalamu siku za kazi, na watu wa mahindi siku ya Jumamosi, tena majirani wa Mbozi na Momba hutuletea chupa wakisema, "Karani, nisomee hapa." Kwa hiyo neno hili latuhusu.

Udongo si vumbi tupu. Ndani yake wamo bakteria na kuvu wasiohesabika, wasioonekana kwa macho. Hao huozesha mabua, na baadhi yao hukaa katika vifundo vya mizizi ya maharage, wakiupatia mmea naitrojeni ya hewani. Tena vijidudu ndio wafanyao sehemu kubwa ya kazi ya kuivunja dawa tuliyoimwaga. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walieleza habari za bakteria awezaye kuifanya atrazini, dawa ya magugu ya mahindi, kuwa chakula chake.

Ama glaifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, huua magugu kwa kuziba njia ambayo mmea hujitengenezea baadhi ya vijenzi vya protini. Mnyama hana njia hiyo, lakini kuvu na bakteria wengi wanayo; basi nao waweza kudhurika. Sitaki kutia chumvi: kwa kipimo kilichoandikwa, mara nyingi madhara kwao ni madogo, nao hurudi katika hali yao. Hatari huanza pale mtu atiapo vifuniko vitatu badala ya kimoja, eti "dawa ishike," akarudia kila msimu. Mabaki hushikamana na udongo mwekundu wenye chuma, na vijidudu hawayafikii upesi.

Kwetu mvua hukoma yapata Mei, na mpaka Novemba ardhi ni kavu. Katika udongo mkavu vijidudu hao kama wamelala, na kazi yao huenda polepole mno. Ndiyo maana atrazini iliyopigwa kwa wingi katika mahindi yaweza kukutwa ingali na nguvu, na maharage yafuatayo yakageuka manjano na kukauka, mwenye shamba akilaumu mbegu.

Basi, ndugu, tusomapo chupa ya jirani tusimtajie jina la dawa tu. Tumsomee kipimo kwa eka, mazao yasiyofaa kufuata, na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Naye asiyejua ukubwa wa shamba lake, tukalipime kwa hatua pamoja naye kabla hajajaza bomba.