Mungu Mmoja, Mizimu ya Wazee, na Amani Yetu
(Hotuba ya Kamati ya Wakazi, siku ya kumbukumbu ya kufika Kenani)



Tunakumbuka mwisho wa Agosti 2017, tulipoanza kuvuka mpaka kwa wingi kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, mpaka tukapokelewa hapa Kenani. Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa, na wengi wetu tukahamia huko. Tuliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi wetu. Tunawashukuru wenyeji na mashirika kwa yale waliyotutendea. Leo, hata hivyo, kamati imeona tuseme juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona tu, nalo ni ugomvi kati ya wanaomwabudu Mungu mmoja peke yake na wale wanaoendelea kuwakumbuka mizimu na pepo za mahali.

Ugomvi wenyewe mnaufahamu. Mzee anamwaga unga chini alfajiri na kutaja majina ya babu zake. Jirani yake aliyeokoka anasema shetani ameitwa kambini. Mama amejifungua mapasa. Bibi yake anataka ngoma na nyimbo za mapasa, mchungaji anakataza. Mtu amefariki, ukoo unataka desturi zake, kanisa linataka ibada yake, na maiti inangoja juani watu wakibishana.

Ndugu, tusidanganyane. Wengine wanapenda kumaliza neno hili haraka kwa kusema kwamba dini zote ni moja. Sivyo. Kwa Mwislamu, kumshirikisha Mungu na kitu chochote ni dhambi kubwa kupita zote. Kwa Mkristo, amri ya kwanza yakataza miungu mingine. Hatuwezi kuwaomba waumini wayafiche hayo, wala hatuwezi kuwaomba wazee wakiri kwamba babu zao walikuwa mashetani. Tofauti ipo, na itabaki.

Lakini ni vema tuijue tofauti hiyo ilipo hasa. Waluba na Watabwa humwita Muumba Leza. Wabemba na wenyeji wetu wa Luapula husema Lesa. Wamisionari hawakulileta jina hilo. Walilikuta, wakalitia katika Biblia na katika nyimbo. Mapadre weupe walipokabidhiwa Mpala, kwenye pwani ya Tanganyika, mwaka 1885, waliwakuta watu wanaojua kwamba aliyeumba ni mmoja. Kwa hiyo mzee wa mila habishani nasi kuhusu idadi ya waumbaji. Ubishi uko juu ya wale walio katikati: mizimu ya ukoo, na ngulu, pepo wanaokaa kwenye maporomoko, vilima na miamba. Mzee anasema, "Huwezi kwenda kwa mfalme bila kumpitia mkubwa wako." Mchungaji na shehe wanasema, "Mfalme amefungua mlango mwenyewe, nenda moja kwa moja."

Na hapa kuna uchungu ambao ndugu zetu waumini hawauoni. Biblia na Kurani vilivuka mpaka ndani ya mfuko. Penye mti na kivuli, sala ikaanza siku ile ile. Lakini ngulu wa kilima amebaki kilimani, na kaburi la babu limebaki Pweto au Moba. Mzee wa mila alifika hapa akiwa hana pa kuombea. Amepoteza alichopoteza kila mtu, na juu yake amepoteza mahali pake pa ibada. Anapomwaga unga mlangoni pa nyumba ya mgeni, anatafuta namna ya kusimama katika nchi isiyo yake. Si lazima tukubaliane naye, lakini tumjue.

Tatizo kubwa, ndugu, si unga. Tatizo ni neno "mlozi". Mtoto anakufa kwa malaria, mioyo imechoka, watu wanatafuta sababu. Mhubiri anasema ameoneshwa. Mganga naye anasema ameota. Hawa wawili, ambao kila siku hawapatani, hapo wanapatana: wote wanamnyoshea kidole mtu yule yule. Na huyo mara nyingi ni mjane asiye na ndugu, au mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko, au mtoto yatima. Akiisha kutajwa, hakuna anayekaa karibu naye kwenye foleni ya maji.

Historia yetu imetuonya. Mwaka 1925 mtu mmoja kutoka Nyasaland, Tomo Nyirenda, alijiita Mwana Lesa. Alibatiza kwa kuzamisha majini katika nchi ya Walala, akisema kwamba maji yatamtambulisha mlozi. Watu walizamishwa mpaka wakafa. Alivuka akaingia Katanga, na huko wakafa wengine wengi. Mwaka 1926 alinyongwa na serikali. Tazameni: hofu ya ulozi ilikuwa ya zamani, ubatizo ulikuwa mpya, na vilipochanganywa vikaua pande zote mbili za mpaka huu.

Tena mwaka 1953, huko Chinsali, mama Alice Lenshina alianza kuwahubiria watu waache hirizi na dawa za uchawi. Maelfu walimfuata, na kanisa lake likaitwa Lumpa. Mwaka 1964 kanisa hilo likagongana na serikali, mamia ya watu wakafa, na wafuasi wake wengi wakakimbilia Kongo. Naam, Wazambia walikuwa wakimbizi kwetu, Katanga, kwa sababu ya dini. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kumcheka mwenzake.

Sheria nayo iko wazi. Katika Zambia, tangu mwaka 1914 kuna sheria juu ya uchawi, na kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa. Kwetu Kongo, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto ulozi. Na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 4, unatupatia uhuru wa dini usiopungua ule wa wenyeji. Mkataba haukusema kwamba uhuru huo ni wa wenye makanisa na misikiti tu.

Na tuwatazame wenyeji wetu. Zambia ilitangazwa nchi ya Kikristo mwaka 1991. Hata hivyo, kila mwisho wa Julai, huko Mwansabombwe, Mwata Kazembe hucheza Mutomboko, na kabla ya kucheza huenda mtoni Ng'ona kutoa sadaka kwa wahenga. Wakristo wako kwenye sherehe hiyo, na Jumapili wako kanisani. Wako wanaolipinga jambo hilo, nao husema wazi. Lakini siku inapita kwa amani.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo matano:

1. Asitajwe mtu kuwa mlozi, kanisani, msikitini, wala kwa mganga. Mgonjwa apelekwe zahanati kwanza. Aliyetishwa aje kwetu au aende polisi, siku hiyo hiyo.

2. Katika mazishi, neno la familia ya marehemu ndilo la mwisho. Kanisa na ukoo wagawane saa, wasigawane maiti.

3. Mhubiri ana haki ya kufundisha kwamba matambiko ni dhambi. Hana haki ya kutaja nyumba ya mtu, wala kuelekeza kipaza sauti mlangoni pake.

4. Wazee wasimlazimishe aliyebatizwa au Mwislamu kushiriki tambiko. Tena tusikate miti wala kufanya ibada penye makaburi na mahali patakatifu pa wenyeji bila ruhusa ya mkuu wa kijiji. Ardhi hii ina wenyewe.

5. Wafanyakazi wa mashirika wanapoita viongozi wa dini, wawaite na wazee wa mila. Asiyeitwa mkutanoni hafungwi na yaliyokubaliwa humo.

Ndugu, hatukukimbia vita ili tuje kuwindana hapa. Shehe abaki shehe, mchungaji abaki mchungaji, mzee abaki na majina ya babu zake. Jioni wote tunachota maji kwenye bomba moja, na yule mjane naye ana ndoo yake. Tumpishe achote.

Mungu awabariki, na amani ikae katika kila nyumba.