Dhiki ya Mwenye Kuuguza



Ndugu waheshimiwa, azuruye hospitali humtazama mgonjwa, na hiyo ni sunna. Lakini kando ya kitanda yuko mwingine mwenye maumivu yasiyopimika: muuguzi aijuaye dawa ifaayo, asiyekuwa nayo. Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Kimarekani, Andrew Jameton, aliyaeleza maumivu hayo katika kitabu chake cha maadili ya uuguzi. Si uchovu wala si woga, bali ni dhiki ya nafsi iliyozuiliwa kutenda ijualo kuwa ni haki.

Khabari ya mwaka 2016 yatosha kuwa ushahidi. Uganda nzima ilikuwa na mashine moja tu ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyopatikana mwaka 1995, nayo ilikuwa Mulago, Kampala. Mwaka huo ikaharibika isitengenezeke. Daktari wa Mbarara aliyepokea mgonjwa kutoka Nakivale afanyeje? Amwandikie barua ya safari ya kilomita zaidi ya 250, hali ajua kuwa mionzi haipo? Au amwambie kweli, amkatie tamaa? Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Hisani kubwa hiyo, lakini ilileta mtihani mwingine: nani aingie katika hao 400, na aliyebaki aambiwe nini, na nani amwambie? Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018, saratani haikungoja.

Na jamaa wa mgonjwa, Mungu awasamehe, humfokea muuguzi kana kwamba ndiye aliyeificha dawa!

Bibi Rufaida alipigiwa hema katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina, akamuuguza Saad bin Muadh aliyepigwa mshale katika vita vya Khandaq. Saad alifariki kwa jeraha lile. Wala Rufaida hatajwi hata leo ila kwa heshima.

Nakivale, iliyoanza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ina Wakongo, Wasomali na Warundi pia. Muuguzi mwenye Kinyankore hulazimika kumtumia mtoto wa miaka kumi amfasirie mamaye khabari ya kifo, naye ajua kuwa si haki. Hapa Kamukuzi wamo vijana wajuao Kinyankore, Kiswahili na hata Kisomali. Kijana mmoja, alasiri mbili kwa juma, aweza kusimama mahali pa mtoto yule.